Counteract

Counteract ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kutenda kinyume cha jambo fulani ili nguvu au athari yake ipungue, au iishe kabisa. Ni kitenzi elekezi, hivyo hufuatwa na yambwa, yaani kile kinachopingwa. Nomino yake ni counteraction.

Asili

Kitenzi hiki kiliundwa ndani ya Kiingereza chenyewe katika karne ya 17, kwa kuunganisha kiambishi awali counter- na kitenzi act. Chimbuko la sehemu zote mbili ni Kilatini. Counter- inatokana na contra, "dhidi ya", na iliingia kupitia Kifaransa, lugha iliyotumiwa na watawala wa Uingereza kwa muda mrefu baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Kwa kulinganisha, neno contradict, "kukanusha", lilitoka Kilatini moja kwa moja, ndiyo maana limebaki na umbo la contra. Act inatokana na agere, "kutenda" au "kuendesha", ambalo pia limezaa agent, "wakala", na react, "kuitikia".

Matumizi

Kitenzi hiki hutumika sana katika tiba. Homoni ya glukagoni hupandisha sukari ya damu, na insulini huishusha. Kila moja hukabili kazi ya mwenzake. Nalokisoni hupewa mtu aliyezidisha morfini au heroini: hukalia vipokezi ambavyo dawa hizo hushika katika ubongo, na pumzi ya mgonjwa hurudi. Hata hivyo, heroini au morfini yenyewe hubaki mwilini, na nalokisoni ikiisha nguvu mapema hatari huweza kurudi. Katika uchumi, benki kuu hupandisha riba ili kukabili mfumuko wa bei.

Tofauti na maneno ya karibu

Prevent ni kuzuia jambo lisitokee, ilhali counteract hudokeza kwamba athari ipo tayari au inatarajiwa, na nguvu nyingine inaielemea. Neutralize ni kuifuta athari hiyo kabisa. Counteract huweza kuishia kwenye kuipunguza tu.

Kwa Kiswahili, tafsiri hufuata muktadha: kukabili panapohusika sera, kupinga panapohusika nguvu, na kubatilisha pale tu athari inapoondoka yote.