Maniema ya Kusini: utafiti na mafunzo katika kazi za misaada

Maniema ya kusini, yaani wilaya za Kasongo na Kabambare pamoja na vituo vya biashara na madini kama Wamaza na Salamabila, ni kati ya sehemu za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambako elimu ya dunia kuhusu misaada imechota mengi. Kasongo inajulikana zaidi kwa habari za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, na misafara ya karne ya 19. Katika shule za afya ya jamii, hata hivyo, jina hilo lina maana nyingine: linatajwa kama mahali ambapo swali la namna ya kuhudumia wilaya nzima kwa rasilimali kidogo liliulizwa kwa utaratibu, likapimwa, na majibu yake yakachapishwa.

Mradi wa Kasongo ulianza mwaka 1971, chini ya ushirikiano wa Ubelgiji na nchi iliyokuwa karibu kuitwa Zaire. Uliongozwa kitaalamu na kitengo cha utafiti na mafunzo ya afya ya jamii cha Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerpen, ambako madaktari Pierre Mercenier na Harrie Van Balen walikuwa wakifundisha. Wakati huo Kasongo ilikuwa bado ndani ya jimbo la Kivu, kwa kuwa Maniema ilipata kuwa jimbo mwaka 1988. Hospitali ilikuwepo, na wamisionari walikuwa wamefanya kazi ya tiba kwa miongo mingi. Kilichokosekana ni mpango: aliye karibu na hospitali alitibiwa, aliye mbali alingoja msafara wa chanjo au alikufa nyumbani.

Timu ya mradi iliweka vituo vya afya vijijini, kila kimoja chini ya muuguzi, na hospitali ikabaki nyuma yavyo kupokea wagonjwa waliozidi uwezo wa kituo. Leo mpangilio huu unaonekana wa kawaida kabisa. Mwaka 1971 mpangilio huo haukuwa wa kawaida. Mkutano wa Alma-Ata, uliotangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima, ulifanyika miaka 7 baadaye. Muuguzi hakupelekwa chuoni mbali akarudi na cheti. Alifundishwa akiwa kazini, kwa maelekezo ya maandishi yanayoonyesha hatua za kufuata mgonjwa anapoleta malalamiko fulani, na kwa ziara za wasimamizi waliokaa naye wakiangalia anavyofanya kazi.

Chombo kimoja kilichofundishwa na shule ya Antwerpen kinastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake utafiti na kazi ya kila siku vinakuwa kitu kimoja. Ni sanduku la kadi lililogawanywa kwa miezi. Mtoto anayetakiwa kurudi Machi kwa chanjo, au mgonjwa wa kifua kikuu anayetakiwa kuja kuchukua dawa, kadi yake huwekwa kwenye nafasi ya Machi. Akija, kadi huhamishwa hadi mwezi wa miadi inayofuata. Mwezi ukiisha, kadi zilizobaki ni za wale ambao hawakuja, na muuguzi anajua bila hesabu yoyote ni mlango gani wa kubisha. Kadi hizo hizo zikijumlishwa zinaonyesha ni asilimia ngapi ya watoto waliokamilisha chanjo, na ni vijiji gani vinaachwa nyuma. Kwa hiyo muuguzi hakukusanya takwimu ili kumridhisha mfadhili. Alizihitaji mwenyewe kesho yake asubuhi.

Tafiti za Kasongo zilitoka kwa jina la pamoja, Timu ya Mradi wa Kasongo. Iliyovuma kuliko zote ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981, juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Ilionyesha kwamba chanjo ilipunguza vifo katika umri ambao surua huua zaidi, lakini baadaye pengo kati ya watoto waliochanjwa na wasiochanjwa likaanza kufifia. Timu ilihofia kwamba mtoto dhaifu aliyeokolewa kutokana na surua huenda akachukuliwa na ugonjwa mwingine. Peter Aaby, mtafiti kutoka Denmark aliyekuwa akifanya kazi Guinea-Bissau, alipinga tafsiri hiyo, na tafiti zilizofuata katika nchi nyingine zilielekea upande wake: chanjo ya surua iliokoa watoto wengi kuliko ilivyotarajiwa. Ubishi huu haupunguzi thamani ya kazi ya Kasongo. Takwimu zilizokusanywa vijijini Maniema zilikuwa na uzito wa kutosha kubishaniwa na dunia, na hilo halitokei mahali ambapo daftari limejazwa ilimradi.

Mradi uliandika pia, mwaka 1983 na 1986, kuhusu upimaji wa uzito na urefu wa watoto, ukihoji kama vipimo hivyo vinatosha kumtambua mtoto aliye hatarini kufa. Hilo lilikuwa swali la kijasiri, kwa kuwa mizani ya kupimia watoto ilikuwa ndiyo alama ya karibu kila mradi wa lishe Afrika.

Matokeo makubwa zaidi yalikuwa ya kiserikali. Katika miaka ya 1980 Zaire iliigawa nchi yote katika zoni za afya 306, ikitumia mafunzo ya Kasongo pamoja na ya miradi ya Bwamanda, Vanga na Kisantu. Mfumo huo ndio unaotumika mpaka sasa, ingawa idadi ya zoni imeongezeka kupita 500. Daktari Mkongo Kasa Asila Pangu aliandika tasnifu ya uzamivu juu ya upangaji na uanzishaji wa vituo vya afya vya Kasongo, akaitetea katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels mwaka 1988. Baadaye alifanya kazi UNICEF katika Mpango wa Bamako, uliozinduliwa mwaka 1987 ili vituo vya afya viendeshwe kwa michango na usimamizi wa wananchi. Njia yake yaonyesha kilichofanikiwa. Yaonyesha pia kilichoponyoka: mtu aliyefundwa na Kasongo aliitwa na dunia, na Kasongo haikuwa na taasisi yake ya kumfundisha mrithi. Shule ya Afya ya Jamii ya Kinshasa ilifunguliwa mwaka 1984, upande wa pili wa nchi.

Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata. Pengo lilizibwa kwa sehemu na makanisa, hasa jimbo Katoliki la Kasongo na shirika lake la misaada, Caritas, na kwa sehemu na mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo Wakongo huyaita ONG. Baraza lao la kitaifa, CNONGD, liliundwa mwaka 1990. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia vyama visivyo vya faida, na utu wa kisheria hutolewa na waziri wa sheria, Kinshasa. Kwa kikundi cha akina mama wa Wamaza hiyo ni safari ndefu ya karatasi: kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, peke yake ni zaidi ya kilomita 200.

Utafiti wa pili mkubwa uliigusa misaada yenyewe. Kuanzia mwaka 2007 programu iliyoitwa Tuungane, kwa fedha za Uingereza, iliendeshwa na mashirika mawili ya misaada, IRC katika Kivu ya Kusini na Katanga, na CARE katika Maniema. Vijiji 1,250 vilichagua kamati za maendeleo, vikapewa mafunzo ya uongozi bora, uwazi na mshikamano, kisha fedha za miradi. Vijiji vilipatikana kwa kura ya bahati nasibu ya hadharani, hivyo vile ambavyo havikuchaguliwa vingeweza kulinganishwa navyo kwa haki. Katika nusu ya vijiji kamati zililazimishwa kuwa na idadi sawa ya wanawake na wanaume, na katika nusu nyingine hapakuwa na sharti hilo.

Watafiti Macartan Humphreys, Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, wa Chuo Kikuu cha Columbia wakati huo, walibuni kipimo ambacho wahisani wangefaa kukijua vizuri. Hawakutosheka na kuwauliza wanakijiji kama sasa wanaamini uwazi. Vijiji 560 hivi, vya Tuungane na visivyo vya Tuungane, vilipewa kila kimoja dola 1,000 na kuachiwa viamue matumizi. Kisha wakafuatilia: nani aliitisha mkutano, nani aliamua, hesabu ziliwekwaje, fedha zilimfikia nani. Ripoti ya mwaka 2012 ilisema wazi kwamba tofauti ya maana haikuonekana. Vijiji vilivyofundishwa uongozi bora na vile visivyofundishwa vilishika fedha karibu kwa namna ileile. Sharti la usawa wa wanawake nalo halikubadilisha mitazamo kwa kiwango kilichoweza kupimika.

Wapo waliosoma ripoti hiyo kama hukumu juu ya watu wa mashariki ya Kongo. Ni usomaji mbaya. Kijiji kisichopata semina hata moja kiliita watu, kikajadili na kugawa fedha vizuri sawa na kilichosomeshwa. Maana yake ni kwamba uwezo wa kupanga pamoja ulikuwepo kabla ya mradi. Vikundi vya likelemba, ambavyo hukusanya fedha na kumpa mwanachama mmoja mmoja kwa zamu, vinaendeshwa kwa kuaminiana bila mkufunzi yeyote. Ukilinganisha na Kasongo ya miaka ya 1970, tofauti iko katika aina ya mafunzo. Muuguzi alifundishwa kazi aliyoifanya kila siku kwa miaka, na msimamizi alirudi. Kamati ilifundishwa tabia njema kwa muda mfupi, kwa ajili ya mradi utakaokwisha.

Tangu mwaka 2017 hali ya Kabambare imekuwa ngumu kwa sababu ya makundi yenye silaha ya Mai-Mai, hasa kuzunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya karibu na Salamabila. Madaktari Wasio na Mipaka walifika Salamabila, na wakimbizi wa ndani wakahitaji wa kuwapokea. Wa kwanza kuwapokea huwa ni wenyeji. Makubaliano ya wafadhili ya Istanbul, mwaka 2016, yaliahidi angalau asilimia 25 ya fedha za dharura kufika kwa mashirika ya nchi husika kwa njia ya moja kwa moja iwezekanavyo. Lakini ili shirika dogo lipate fedha kutoka mfuko wa pamoja wa misaada ya kibinadamu wa Kongo, lazima lipite tathmini ya uwezo: katiba, benki, ukaguzi, taratibu za manunuzi. Matokeo yake, semina nyingi zimekuwa za kujaza fomu. Mhasibu anafundishwa kuandika ripoti ya mfadhili, na mara chache sana kuuliza kama mradi umemsaidia mtu.

Na lugha ni kizuizi cha wazi. Ripoti ya Tuungane iko kwa Kiingereza, tasnifu ya Pangu kwa Kifaransa, ilhali kamati za Kasongo na Wamaza hujadili kwa Kiswahili. Muhtasari wa kurasa 20 wa kila moja, kwa Kiswahili cha Maniema, ungegharimu kidogo kuliko semina moja ya hotelini Kindu.

Muundo wa kupokea mafunzo yanayoanzia kwenye kazi ya kila siku upo tayari. Kila eneo la afya ndani ya zoni lina kamati ya maendeleo, CODESA, inayokutana na muuguzi mkuu; takwimu za mwezi hujumlishwa kituoni, hupelekwa ofisi kuu ya zoni, kisha huingizwa katika mfumo wa taifa wa takwimu za afya, DHIS2. Kozi ya kwanza ingeweza kuanzia hapo kituoni: kamati kukaa na takwimu za eneo lake kabla hazijaondoka, kuona ni kijiji gani watoto hawakuja kwa chanjo mwezi huu, na kuamua ni nani atakayekwenda kuuliza sababu.