Shule za Rosenwald na lile darasa la kijijini kwetu

Haya wapendwa, nimerudi. Najua mlishaanza kusema nimelitelekeza hili daftari langu. Hapana jamani, testi zimefuatana, bumu limekata, na huku bwenini ndiyo hivyo tena. Ila wiki hii kwenye semina ya historia ya elimu nimepangiwa mada iliyoninyima usingizi, nikaona niwamegee.

Kwanza niungame. Likizo iliyopita nilienda kijijini kumsalimia babu, nikakuta mkutano wa kijiji. Shule ya msingi ya pale imepata madarasa mapya, sasa swali likawa lile jengo la zamani lifanyweje. Wengine wanataka livunjwe, bati na mbao ziuzwe. Wengine wanasema lingefaa kuwa maktaba. Mwenyekiti akaniona, akasema, "Hebu tumsikie mwalimu wetu mtarajiwa." Nikasimama kwa mbwembwe zangu za chuo, nikasema livunjwe, limechakaa. Watu wakapiga makofi. Babu hakupiga. Usiku aliniambia neno moja tu: "Mjukuu wangu, mawe ya msingi wa lile jengo tuliyabeba vichwani." Basi, akaenda kulala.

Sasa sikilizeni mada niliyopewa.

Mwaka 1912 kule Alabama, Marekani, Booker T. Washington, yule mwanzilishi wa chuo cha Tuskegee aliyezaliwa mtumwa, alipokea msaada kutoka kwa Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago aliyeongoza kampuni ya Sears, Roebuck. Washington akaomba sehemu ya zile pesa ijenge shule sita ndogo vijijini, kwa sababu watoto weusi wa Kusini walikuwa wanasomea kwenye vibanda na makanisani, huku serikali zikiwapa wazungu karibu kila kitu. Zile sita zikazaa nyingine. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1932 yalikuwa yamejengwa majengo 5,357 katika majimbo 15. Kati ya hayo 4,977 ni shule, na yaliyobaki ni nyumba za walimu na karakana. Kufikia 1928, katika kila shule tano za watu weusi vijijini huko Kusini, moja ilikuwa ya Rosenwald.

Lakini kilichonifanya nibaki mdomo wazi ni hesabu. Ujenzi wote uligharimu kama dola milioni 28.4. Mfuko wa Rosenwald ulitoa milioni 4.3. Watu weusi wenyewe, wakulima wa kukodi mashamba, walichanga milioni 4.7. Yaani wale masikini walitoa kuliko tajiri ambaye jina lake limebaki kwenye shule! Na hapo sijahesabu kodi waliyokuwa wakilipa kama raia wengine. Walilipa mara mbili. Asiye na pesa alitoa ardhi, mbao au nguvu zake. Wako waliotenga kipande cha shamba la pamba, kikivunwa ni cha shule.

Majengo yenyewe yalikuwa na akili. Ramani za mwanzo zilitoka Tuskegee, kwa Robert R. Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu MIT. Kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme, madirisha makubwa yalipangwa pamoja, yakaelekezwa mashariki na magharibi ili mwanga wa jua uingie darasani. Nyingi zilikuwa na ukuta wa kukunja katikati ya vyumba. Ukiukunja unapata ukumbi wa wazazi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza zile shule zilikuwa za jamii nzima.

Msidhani haya ni ya mbali. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo Aggrey wa Gold Coast alikuwa mjumbe wake, ilipita Afrika Mashariki, na mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, Kenya, kwa mfano uleule wa Kusini mwa Marekani. Na mfano huo ulikuwa na walakini wake. Wakosoaji kama W. E. B. Du Bois walilalamika kwamba elimu ya kazi za mikono peke yake inamfunga mtu mweusi abaki chini. Wakoloni waliipenda kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo sisemi kila kitu kilikuwa asali.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ubaguzi shuleni ni kinyume cha katiba. Ushindi mkubwa, ila watoto walipounganishwa, zilizofungwa ni shule za weusi, na walimu weusi kwa maelfu wakapoteza kazi. Majengo yakageuka maghala, mengine yakaanguka.

Mwaka 2002 shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria liliziweka shule hizi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini zaidi. Ndipo wazee waliosoma humo wakaanza kuchangishana tena, kama wazazi wao! Shule ya Ridgeley kule Maryland, iliyojengwa 1927, ilifunguliwa upya 2011 kama makumbusho. San Domingo, iliyojengwa 1919 katika jimbo hilohilo, ni kituo cha jamii na utamaduni. Nyingi zilizobaki hazijapata bahati hiyo.

Kwenye semina mwenzetu mmoja akauliza, kwa nini kuhifadhi alama ya ubaguzi? Swali zuri, nikakwama kidogo. Jibu langu ni hili: ubaguzi ulikuwa kwenye sheria. Kuta zile zilijengwa na watu waliokataa watoto wao wabaki gizani. Ukizibomoa, ushahidi wa jasho lao unapotea, na jina linalobaki ni la mfadhili tu.

Hapo ndipo nikamkumbuka babu. Lile darasa letu lilijengwa miaka ya 1970, enzi za Elimu ya Msingi kwa Wote iliyoanza kutekelezwa 1977, wanakijiji wakichimba mawe na kufyatua matofali. Halijaandikwa jina la mtu yeyote. Mimi, mwalimu mtarajiwa, ndiye niliyesimama nikasema livunjwe.

Jana nimempigia simu. Nikamwamkia, nikamwambia, "Babu, nilikosea." Akanyamaza, kisha akauliza, "Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Utakuja?"

Nauli sina, wapendwa, na Jumatatu yake nina testi. Ila nitakwenda. Makofi nilipigiwa hadharani, na kukosolewa inabidi iwe hadharani vilevile. Nikirudi nitawaambia yaliyojiri.

Tuko pamoja.