Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ziara za Waaborijini Zilianza Lini?

Mei 2022 Wawurundjeri wa jimbo la Victoria, Australia, walinunua katika mnada jijini New York vitu viwili vilivyotoka mikononi mwa mzee wao: mchoro wa wanawake waliojitanda majoho ya ngozi za posamu, na ngao ya mbao. Watu walichanga, serikali ya jimbo ikaongezea. William Barak alikuwa amempa vitu hivyo Jules de Pury, wa familia ya Kiswisi yenye mashamba ya mizabibu jirani, mwaka 1897. Magazeti yalishangilia sanaa kurudi nyumbani. Kwangu mimi, mchoro ule ni ushahidi katika kesi ambayo wengi wanadhani imekwisha hukumiwa.

Kesi yenyewe ni hii. Ukisoma kuhusu ziara zinazoongozwa na Waaborijini, zile ambazo wazazi huwapeleka watoto wakasikilize ngano na kunusa majani ya mkaratusi, utaambiwa ni biashara ya juzi. Tume ya Kifalme iliyochunguza vifo vya Waaborijini mahabusu ilitoa ripoti yake mwaka 1991, ajira zikatafutwa, mkakati wa kitaifa wa utalii wao ukatoka mwaka 1997, na ndipo wenyeji wakafundishwa kupokea wageni. Ati wakafundishwa!

Turudi nyuma hadi Coranderrk, kijiji cha Barak karibu na Healesville, kilomita kama 60 kutoka Melbourne. Yaliyotangulia yanajulikana: walowezi, kondoo, magonjwa, ardhi kutwaliwa. Mwaka 1863 Simon Wonga na binamu yake Barak waliwaongoza Wakulin, yaani Wawurundjeri na jamii ndugu zao, waliosalia hadi hapo, wakajenga kijiji, wakalima hopsi, yale maua ya kutilia bia ladha. Shamba lilistawi, na balaa likaanzia hapohapo, maana ardhi iliyostawi ina macho mengi. Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini ikataka kuwahamisha. Wao wakaandika maombi, wakatembea kwa miguu hadi Melbourne kuonana na mawaziri, hata mwaka 1881 bunge likaunda tume ya uchunguzi ambayo Waaborijini wenyewe walitoa ushahidi mbele yake. Wanahistoria wa ardhi wameyaandika hayo vizuri, sina la kuongeza.

Ninachoongeza ni habari ya wageni. Walikuja tangu mapema, na reli ilipofika Healesville mwaka 1889 safari ikawa nyepesi. Wanawake waliwauzia vikapu vya kusuka, wanaume wakauza bumarangi na kuonyesha zinavyorushwa. Barak, aliyekuwa kiongozi wa Wawurundjeri baada ya Wonga, aliwasha moto mbele yao kwa vijiti viwili: kimoja chenye tundu kimelazwa chini, kingine kimesimamishwa ndani yake na kupekechwa kwa viganja viwili mpaka unga wa mti uanze kufuka. Aliwasimulia pia habari za kale, na alikuwa nazo: alipokuwa mtoto alishuhudia mapatano ya mwaka 1835 ambayo mlowezi John Batman alidai kununulia nchi yao. Mtu anayepokea wageni, akawaonyesha ufundi, akawasimulia historia kisha akawauzia kitu cha kwenda nacho, tumwiteje kama si mwongoza watalii?

Yako maelezo mawili juu ya kazi hiyo. La kwanza linasema Barak alikuwa kioja, "wa mwisho wa kabila lake", mzee mpole akitumbuiza watu wa mjini. Sina subira nalo. Lilianzia kwa watu waliokuwa wakisubiri Wakulin waishe ili ardhi igawanywe, na Wawurundjeri walioshinda ule mnada wa New York ni jibu tosha. La pili linastahili kusikilizwa kwa makini: kwamba ukarimu ule ulikuwa siasa na uchumi kwa pamoja. Mapato ya hopsi yalikuwa chini ya Bodi, lakini shilingi ya kikapu iliingia mkononi mwa aliyekisuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Coranderrk methali hiyo ilikuwa na maana ya mkate na nguo. Na mgeni aliyekula na kucheka na Barak alirudi mjini akiwa shahidi wa kijiji ambacho maofisa walisema hakina faida.

Tazama tena michoro yake, aliyochora kwa mkaa na udongo wa rangi. Mara nyingi ni ngoma: safu ya wachezaji, moto, watu waliokaa na majoho yao yenye mistari. Wakati ule ngoma hizo zilikuwa hazichezwi tena kijijini kama zamani, kwa kuwa wasimamizi hawakuzitaka. Barak akaziweka kwenye karatasi. Mgeni alipata sura ya ngoma. Maana yake yote ilibaki kwa mwenyewe.

Sheria ya 1886 iliwaondoa vijijini wenye damu mchanganyiko walio chini ya miaka 34, yaani nguvu kazi yenyewe. Mwaka 1893 nusu ya ardhi ikachukuliwa. Barak alifariki 1903 na kuzikwa hapohapo. 1924 kijiji kikafungwa. Miongo iliyofuata naipita haraka, nikitaja tu La Perouse, Sydney, ambako wanawake walipamba visanduku kwa makombe ya baharini na kuwauzia watu waliofika Jumapili kwa tramu.

Uluru inatuleta leo. Waanangu, wenyeji wa huko, walirudishiwa mwamba wao tarehe 26 Oktoba 1985, na tarehe hiyohiyo mwaka 2019 kuupanda kukapigwa marufuku. Waongozaji husimulia kwenye njia za chini vita vya Kuniya, chatu wa kike, na Liru, nyoka wa sumu. Wapo wanaolalamika kwamba hadithi za ziara ni nyepesi, zimechujwa kwa ajili ya watoto. Wamekosea njia. Kwa Waanangu, elimu hutolewa kwa ngazi, na sehemu inayosimuliwa hadharani ni ile anayoanzia mtoto wao. Mgeni wa miaka 60 na mjukuu wake wa miaka 6 wamekaa darasa moja.

Mossman Gorge, Queensland, mwongozaji wa Kikuku Yalanji huwafukiza wageni moshi kabla hawajaingia msituni, jambo lisilo geni kwa msomaji aliyezoea chetezo cha ubani. Mbele kidogo huchuma majani, huyafikicha kwa maji mpaka povu jeupe lijae kiganjani: sabuni. Watoto hutaka kujaribu, naye huwapa. Kisha msafara hupita penye jambo lisilosimuliwa, na hapo mwongozaji huendelea kutembea. Wakati wa Barak, mwenye kuamua hivyo alitishiwa kuhamishwa.