Malisho ya Bukene

Katika karne ya 18 wachoraji wa Ulaya walipenda sana picha za malisho. François Boucher wa Ufaransa (1703–1770) aliwavika wachungaji mavazi mazuri kama ya karamu. Thomas Gainsborough wa Uingereza (1727–1788) alionyesha ng'ombe wakinywa maji na wachungaji wakipumzika. Atazamaye hudhani kwamba majani yaliota yenyewe. Lakini katika zama hizo hizo, sheria za Bunge la Uingereza zilizitia ua ardhi za shirika, na maskini wengi wakapoteza haki ya kulisha wanyama wao. Uzuri wa picha ulificha jasho na ugomvi.

Bukene, katika nchi ya Wanyamwezi kaskazini ya Tabora, ina mandhari kama hayo: mbuga za udongo mweusi, zenye maji masika na kavu kiangazi, katikati ya miombo. Burton na Speke, waliofika Kazeh karibu na Tabora ya leo mwezi wa Novemba 1857, waliandika habari za Watusi waliochunga ng'ombe Unyamwezi. Wanyamwezi walilima na kuchukua mizigo ya misafara hata pwani, na sehemu ya ujira wa wapagazi ikageuka ng'ombe.

Malisho hayo yalikuwa kazi ya mikono. Jembe, shoka, moto wa kiangazi na vinywa vya mifugo viliuzuia msitu; na penye uwazi mbung'o hukosa kivuli. Ikaja sotoka, iliyoenea Afrika Mashariki yapata mwaka 1890, ikaua ng'ombe wasiohesabika. Vikafuata vita vya Wadachi na Isike, mtemi wa Unyanyembe, vilivyokwisha Januari 1893. Mahali pengi palipopungua watu na mifugo, vichaka vilirudi, na mbung'o pamoja navyo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu za magharibi kwa ajili ya malale. Na Shinyanga, wakati wa Charles Swynnerton, watu walifyeka vichaka ili kuirudisha nchi kwa ng'ombe.

Reli ya kwenda Mwanza, iliyofika huko mwaka 1928, hupita Bukene. Msafiri achunguliaye dirishani na kuona ng'ombe, fimbo na kijana chini ya mti huona picha ya raha. Haoni shoka lililotangulia. Wala haoni kwamba mchungaji akiondoka, malisho nayo huondoka.