Majina ya Wazee Wetu katika Vitabu vya Zahabu na vya Ubatizo

Kurasa nyingine za kitabu hiki cha yubile zinahesabu miaka, mapadri, makatekista na batizo. Katika kurasa hizi sisi tunataka kusema juu ya ulizo ambalo watu wa mji wa zahabu wanaliuliza zaidi kuliko watu wengine: baba ya baba yangu alitoka wapi, na nani alimzaa? Katika kijiji cha zamani ulizo hili halina taabu, maana makaburi yako nyuma ya nyumba na mzee yuko mlangoni. Lakini jamaa nyingi za Iga Barrière zilikuja hapa kwa ajili ya kazi, na kazi haiulizi makaburi.

Jina la mji wetu lenyewe linasema jambo hili. Barrière ni mti unaolazwa katika njia ili gari lisimame na watu waonyeshe karatasi zao. Basi tumezaliwa mahali ambapo kupita kulitaka kuandikwa. Upande wa Kilo zahabu ilivumbuliwa mwaka 1903, na kazi ya kuichimba ikaanza mwaka 1905. Mwanzoni migodi ilikuwa ya serikali. Mwaka 1926 ikapewa kompani iliyoitwa SOKIMO, nayo ikageuzwa kuwa OKIMO mwaka 1966. Kutoka Nizi, Bambu na Mongbwalu hata Watsa, kampi zilijengwa, na watu wakaitwa kuzijaza: Walendu, Wahema, Waalur, Wanyali, Walogo na wengine wengi. Tunasema «wakaitwa» kwa heshima tu. Miaka ya kwanza masultani waliamriwa kutoa watu, na wengi walikwenda kwa kusukumwa.

Kompani iliandika sana. Mtu alipoandikishwa alipewa nambari, na kwa nambari hiyo alipokea posho na mshahara wake. Karani aliandika kontra inaanza lini na inaisha lini, jina la sultani wake, na kazi yake: kusukuma vagoneti, kuosha mchanga, kuwa kapita. Karatasi za namna hii zina thamani kubwa, na mjukuu akiikuta moja katika sanduku la nyanya yake asiitupe. Lakini zilifuata mikono ya mtu, si jamaa yake. Mama yake hayumo. Mara nyingi na mkewe hayumo, isipokuwa kama anahesabiwa kwa ajili ya chakula. Kontra ikiisha, mtu anatoka katika kitabu kama vile amekufa, kumbe amekwenda tu kampi nyingine.

Serikali nayo iliandika kwa shauri lake. Kwa dekreti ya tarehe 2 Mei 1910, na tena kwa ile ya tarehe 5 Desemba 1933, kila mtu alihesabiwa chini ya sultani wake, na aliyetaka kuondoka kwa muda mrefu alipaswa kuwa na ruhusa. Buku la mtu lilionyesha sheferi, kijiji na kodi iliyolipwa. Tunamsifu mwandishi wa serikali kwa jambo moja: alipenda kuandika kijiji cha asili hata kama mtu ameishi miaka 20 kampini. Ndiyo maana buku la zamani linaweza kumrudisha mjukuu hata mlangoni mwa ukoo wake, kama kijiji hakijahama au kubadilishwa jina.

Sasa tufike kwenye vitabu vya Kanisa, maana hapo mali ni nyingi. Kanisa halikuanza kuandika kwa ajili ya Afrika. Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kwamba paroko awe na kitabu cha ndoa na cha batizo, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ikadai vitabu vya batizo, vya kipaimara, vya ndoa na vya wafu, pamoja na kitabu cha hali ya roho, kinachohesabu nyumba kwa nyumba. Mapadri Weupe walipoleta Injili katika nchi zetu walileta na desturi hiyo, pamoja na amri ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, kwamba kila misioni iandike kitabu cha mambo ya kila siku. Vikariati ya Ziwa Alberti ilisimamishwa mwaka 1933, ikawa jimbo la Bunia tarehe 10 Novemba 1959. Basi jamaa za hapa zisishangae kama jina la mzee haliko katika kabati ya parokia yetu. Pengine alibatizwa Fataki, Drodro au Bunia mbele ya kuja kuchimba.

Katika mstari mmoja wa kitabu cha ubatizo, padri aliandika kwa Kilatini au kwa Kifaransa: jina la mbatizwa, wazazi wake wawili, baba au mama wa ubatizo, mahali, tarehe, na jina la aliyebatiza. Mwangalie neno «mater». Hapo mama anaandikwa kwa jina lake mwenyewe, naye kompani haikuwa na nafasi ya kumwandika. Tumwangalie na baba wa ubatizo. Mara nyingi alikuwa ndugu, jirani wa kampi, au mtu wa kijiji kimoja. Kwa hiyo ukikosa habari za babu, tafuta habari za yule aliyemsimamia. Ukikuta maneno «in periculo mortis», ujue alibatizwa katika hatari ya kufa, labda na katekista, na mstari wake utakuwa mfupi. Tena tarehe ya ubatizo wa mtu mzima si tarehe ya kuzaliwa. Mapadri Weupe walidai miaka 4 ya mafundisho, na mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa kwa kutazama uso, au kwa kuuliza kama alikuwa mtoto wakati wa njaa fulani au vita fulani.

Lakini lililo bora liko pembeni mwa ukurasa, na watu wengi wanalipita bila kulisoma. Sheria inaamuru kwamba kipaimara na ndoa ziandikwe pia katika kitabu cha ubatizo, kando ya jina. Kama mtu aliyebatizwa Fataki amefunga ndoa Watsa, paroko wa Watsa anapaswa kuwaandikia wa Fataki, nao waongeze mstari mdogo pembeni. Sababu yake ilikuwa kuzuia mtu asifunge ndoa mara mbili. Kwetu imekuwa neema nyingine: mchimbaji aliyetembea kampi kwa kampi, ambaye kila kompani ilimfuta alipoondoka, habari yake ilirudi nyuma hata mahali alipobatizwa. 

Tuseme mtu anamtafuta babu yake, na anachojua ni maneno matatu: aliitwa Petro, alichimba Nizi, alikuwa Mualur. Asianze na kitabu, aanze na wazee. Awaulize jina la ukoo la babu, jina la nyanya, na nani alikuwa rafiki yake kampini. Kisha atafute karti ya ubatizo ya mtoto yeyote wa babu huyo. Katika mstari wa mtoto atapata majina ya wazazi. Katika mstari wa ndoa ya wazazi atapata mahali walipobatizwa. Na mahali hapo ndipo aende. Njia hii ni ya kurudi nyuma hatua kwa hatua. Anayetaka kuruka moja kwa moja kwa babu wa babu anajichosha bure, na anamchosha na sekretari wa parokia.

Atakutana na taabu ya majina. Kwetu mtoto hakupewa jina la baba yake. Kila mmoja alikuja na jina lake, kufuatana na mambo ya kuzaliwa kwake. Kati ya Wahema wa kusini, Kato ni pacha wa pili, na jina hilo peke yake linakuambia kwamba kulikuwa na mwenziwe. Lakini ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata kidogo. Tena padri Mbelgiji aliandika kama sikio lake lilivyosikia. Baba Askofu Gabriel Ukec, aliyeongoza jimbo la Bunia kutoka 1964 hata 1990, jina lake linaandikwa kwa c na kusomwa kama ch. Mwandishi asiyejua Kialur angeliandika namna nyingine kabisa. Basi soma jina kwa sauti, si kwa macho tu.

Kisha ikaja taabu ya pili. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa katika makaratasi ya serikali, na sheria nambari 73-022 ya tarehe 20 Julai 1973 ikaamuru majina ya Kizaire. Petro wa kitabu cha parokia akawa mtu mwingine katika karti yake ya uraia. Wengine walichukua jina la babu, wengine la mto au la kilima. Nyuma ya mwaka 1990 wengi walirudia majina yao, si wote. Mtu aliyezaliwa katika miaka hiyo yafaa atafutwe kwa majina yake yote mawili.

Mwaka 1982 serikali iliwaruhusu raia kuchimba zahabu kwa mikono yao, bila kompani. Mashimo yakajaa vijana kutoka pande zote, na hapo karatasi zikakatika. Mwenye shimo anajua kugawanya mchanga, hana buku la majina. Kwa vijana hao, na kwa watoto waliozaliwa karibu na mashimo, mara nyingi ubatizo ndio maandiko ya kwanza, na wakati mwingine ya pekee.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la udadisi tu. Vita vya 1999 hata 2003, na mauaji yaliyoanza tena katika teritori ya Djugu mwezi wa Desemba 2017, viliunguza nyumba pamoja na masanduku yaliyokuwa ndani. Kanisa halikuachwa: Aprili 2003 watu waliuawa kwa wingi Drodro, na Mei 2003 mapadri waliuawa Nyakasanza, mjini Bunia. Mtu aliyekimbia usiku hakubeba makaratasi, alibeba watoto. Leo anaombwa kuonyesha kwamba yeye ni yeye, kwamba mtoto ni wake, kwamba marehemu alikuwa mume wake. Cheti cha ubatizo si cheti cha serikali, na sheria ya jamaa inataka mzazi aandikishe mtoto katika siku 90. Lakini anayekwenda mbele ya mahakama kuomba hukumu badala ya cheti cha kuzaliwa, mstari huo wa ubatizo ni shahidi anayesaidia. Na kama kitabu cha parokia kimeungua, kuna jambo la kujua: sheria ya 1917 iliamuru paroko apeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwisho wa mwaka, isipokuwa kitabu cha hali ya roho. Kwa hiyo mwenye kukosa hapa aulize Bunia.

Tunaongeza neno moja lisilopendeza. Kuna wanaotaka vitabu hivi ili kuonyesha kwamba jirani ni mgeni na shamba si lake. Kitabu cha ubatizo hakikuandika mipaka ya shamba. Kinaonyesha Mlendu akiwa baba wa ubatizo wa mtoto wa Kihema, na Mualur shahidi wa ndoa ya Mnyali. Anayekisoma kwa hasira atapita mistari hiyo haraka.

Wasiobatizwa kwetu nao wana wajukuu. Jamaa za CECA-20 waulize kwa wachungaji wao, na Waislamu kwa wazee wa msikiti. Na kwa kila jamaa tunaomba hivi: mbele ya kuja ofisini, kaeni na mzee mmoja, mwandike majina anayoyakumbuka, ya wanawake kwanza, pamoja na kijiji na kampi ya kila mmoja. Leteni karatasi hiyo pamoja na karti ya ubatizo yoyote iliyobaki nyumbani, hata iliyochanika, maana nambari iliyo juu yake inatosha kufungua kitabu mahali pake.