Inanga: kamba moja, sauti nane



Mwezi wa 10 mwaka 1996, vita ilipoingia Uvira, watu wetu wengi walivuka ziwa mpaka Kigoma, wengine wakafika kambi ya Nyarugusu. Walibeba watoto na sufuria. Inanga zilibaki nyumbani.

Inanga, ile Bashi wanaita lulanga, ni ubao uliochongwa kama bakuli refu. Kamba yake ni moja tu: inapita kwenye meno ya ncha hizi mbili, inaenda na kurudi, mpaka sauti zinafika saba ama nane. Zamani ilitoka kwenye mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ama waya. Ikikatika pahali pamoja, sauti zote zinalegea. Fundi anafunga fundo, anavuta upya.

Mwezi wa 10 mwaka 2005, UNHCR ilianza kurudisha watu kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka. Inanga hazikuwa kwenye mizigo, lakini ufundi ulirudi mikononi mwa wazee. Kuchonga kunahitaji patasi, kisu na kivuli nyuma ya nyumba, basi.

Wazee hao wanapungua. Tunaomba kila fundi achukue kijana mmoja, na kila mfadhili anunue patasi moja.