Kupona Pamoja: Kiwewe cha Vijana na Maisha ya Bweni Nyeri

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto ulizuka katika bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha, eneo la Kieni, Kaunti ya Nyeri. Watoto 21 walifariki. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo, vinasaba vikapimwa ili miili itambuliwe, na washauri nasaha wakafika kuwahudumia wazazi na walionusurika. Yote hayo yalihitajika. Lakini baada ya kila mkasa wa aina hii hurudi dhana moja ninayoipinga: kwamba kiwewe ni jeraha la mtu binafsi, litibiwe kwanza, kisha mahusiano mema yatajijenga yenyewe. Nashikilia kwamba kijana huponea ndani ya uhusiano, na asipoupata hatapona hata akiketi na washauri kumi.

Shule zinazouzunguka Mlima Kenya zina ushahidi mchungu. Tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St. Kizito, Tigania, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja walimolala, wakawasha moto, wanne wakafa. (Moto wa Endarasha ni suala jingine, usitiwe kapu moja na hayo.) Katika mikasa hiyo miwili, aliyeumiza na aliyeumizwa waliketi darasa moja na kupakuliwa githeri kutoka sufuria moja. Uovu haukupenya kutoka nje. St. Kizito, wavulana waliona msichana hana haki ya kukataa. Nyeri, kiranja alikuwa amegeuzwa askari wa wenzake.

Wapo wanaoanzia mbali zaidi: Hali ya Hatari ya kikoloni ya 1952, vijiji vya lazima vilivyofuata, na wazee waliorudi kutoka vizuizini wakanyamaza. Hoja hiyo ina uzito. Juni 2013 Uingereza yenyewe ilieleza masikitiko yake, ikakubali kuwalipa wahanga 5,228 wa enzi hiyo pauni milioni 19.9. Hata hivyo, maumivu ya kurithi yakifanywa jibu la kila swali, watu wazima wa leo hupata pa kujifichia. Babu wa 1954 hakuwafungia viranja mlango.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry ulihusu watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, huko Bungoma na Moshi. Baadhi yao walikutana kwa vikundi, wakiongozwa na washauri wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, si madaktari wa akili. Walezi wao nao walikuwa na vikao vyao. Dalili za kiwewe zilipungua katika sehemu nyingi za utafiti kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Kwangu, jambo kubwa hapo ni mlezi kuhusishwa. Chukua mtoto aliyeponea chupuchupu motoni, akarudishwa nyumbani Kieni. Jioni baridi ya mlima inashuka, kuni zinawashwa jikoni, moshi unatanda, naye anakurupuka na kukimbilia nje. Mama asiyejua maana ya mkurupuko huo atamwita mtukutu. Anayejua atatoka, aketi naye uani hadi moyo utulie, kisha wataingia pamoja. Kazi hiyo hakuna mgeni wa wiki moja anayeweza kuifanya.

Shuleni mambo ni magumu zaidi. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya viboko, lakini shule nyingi bado humpa mwalimu mmoja kofia mbili, ya unasihi na ya nidhamu. Msichana aliyeshikwashikwa na mwenzake atampelekeaje siri mtu yuleyule anayeandika majina ya watakaoadhibiwa? Atanyamaza, na aliyemshika naye atajifunza kwamba kunyamaza ni kukubali.

Wizara ya Elimu na bodi za shule zitenganishe kofia hizo. Kila kikundi kidogo cha wanafunzi wa bweni kipewe mtu mzima mmoja, awe mwalimu au matroni, atakayekuwa nacho mwaka mzima na kuzungumza nacho waziwazi kuhusu ridhaa, kukataa na kuombana radhi. Na mzazi anayemtafutia mwanawe nafasi ya bweni Nyeri, Karatina au Meru, asiishie kuuliza alama za mtihani. Aulize pia ni nani atakayemsikiliza mtoto wake usiku.